Ndevu za Mkataba

Shamba la Mzee Kipyego,
Ng'ambo ya Burnt Forest.
8 Juni 2025

Kwako dada Sylvia,

Nakusalimu nikiwa nimevaa masweta mawili na koti la mvua juu yake. Huku baridi haina adabu mwaka huu. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, nao umezoea. Mama ameamkaje? Yule ndama wa madoa amepona kuhara? Msalimie Jackson na mke wake, na uwaambie watoto nimesikia kwamba wanapanda juu ya tangi la maji.

Usinipigie kwa simu ya Jackson. Ndugu yetu huweka sauti kubwa mpaka watu wa barabarani wanasalimia. Na hapa simu zetu hukusanywa asubuhi kwenye ndoo, eti mtu asipige picha ya filamu akaitoa nje kabla haijaisha. Kwa hiyo Wabuge akija huku na lori lake kuchukua viazi vya soko la Kimilili, mpe barua. Yeye hasomi barua za watu. Hasomi chochote, hata vibao vya barabarani.

Sasa jambo lenyewe. Najua umekasirika. Tulimzika Baba Jumamosi, mimi nikaondoka Jumapili kabla viti vya kanisa havijarudishwa, na kunyoa kulikuwa Jumanne. Najua kwetu mtu hazikwi akaisha. Anaisha siku ambayo familia inakaa chini, wembe unapita kichwa baada ya kichwa, na kifungua mimba anasimama kusema mipaka ya shamba. Mimi ndiye kifungua mimba na sikuwepo. Nimeandika, umeona kwamba nimeandika.

Lakini sikiliza. Mzee Kipyego amekodisha shamba hili kwa watu wa filamu kutoka Nairobi, akahamia kwa binti yake huko Yamumbi, na sisi wafanyakazi tukabaki na ng'ombe. Filamu ni ya familia moja iliyokwenda kuishi peke yake kwenye ranchi ya mbali. Baba, mama na binti yao. Hawana jirani, hawana njia, mpaka wanaanza kuchukiana kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kuchukia. Dairekta ni mwanamke anaitwa Kabura. Aliponiona nikisukuma mkokoteni wa maziwa akasema uso wangu una hadithi. Akaniandika kuwa mchungaji wa familia hiyo. Ni bubu. Kazi yangu ni kupita nyuma yao na ng'ombe, nikiwa na ndevu na nywele hizi zote, bila kusema neno.

Nilikuwa nimeshapigwa picha kabla Baba hajafariki. Kuna kitu wanakiita kontinuiti. Maana yake ni kwamba mtu akionekana leo na ndevu, haruhusiwi kuonekana kesho bila ndevu, hata awe amefiwa. Nilitia sahihi. Nywele zangu si zangu mpaka wamalize.

Natumaini mlinyoa tu bila mimi. Wazee wataelewa.

Ndimi kaka yako,
Lawrence


Kimilili,
29 Juni 2025

Kaka Lawrence,

Barua yako ilichelewa kwa sababu lori la Wabuge liliharibika karibu na Turbo, akalala na viazi vyake mpaka vikaanza kuota. Ndama alipona, halafu akala shuka la mke wa Jackson, sasa ni mgonjwa tena. Watoto bado wanapanda tangi. Mahindi yamefika kifuani. Mama anakusalimu.

Tumecheka sana kusikia umeandikwa bubu. Jackson alikumbusha kwamba mwalimu mkuu alikutoa darasa la saba kwa kuongea. Huyo Kabura hakuuliza mtu.

Wazee hawakuelewa, kaka. Nakueleza vile ilivyokuwa. Jumanne baba mdogo Nyongesa alikuja na wembe wake mapema. Akaninyoa mimi, akamnyoa Jackson, akanyoa wajukuu wote. Alipomfikia Mama, Mama akasimama. Akasema hanyolewi kabla ya kifungua mimba wake. Baba mdogo akamwambia Lawrence ana kazi. Mama akasema hata yeye ana kazi, kazi yake ni kungoja. Akaingia ndani akafunga mlango.

Unajua maana yake. Mjane ambaye hajanyolewa haingii nyumba ya mtu. Mama haendi sokoni, haendi kwa akina mama wa kanisa, hata jikoni kwa Jackson haingii, na ni hatua chache tu. Chai anapelekewa. Wanawake wakija kumsalimu wanasimama uani na kuongea kupitia dirishani kama watu wanaonunua tikiti. Mipaka haikusemwa. Jackson amelima mpaka kwenye mwarobaini na hajui kama amepita.

Kwa hiyo unapita nyuma ya familia iliyofungiwa, na yako imefungiwa hapa. Mwambie Kabura akitaka familia ya namna hiyo asihangaike kuiandika.

Uje unyolewe. Hata Jumapili moja.

Mimi Sylvia


Shamba la Mzee Kipyego,
20 Julai 2025

Dada Sylvia,

Poleni na shuka. Ng'ombe mmoja wa Mzee Kipyego aliwahi kula kitenge cha mgeni akapona, mpeni tu maji mengi. Mimi niko sawa. Nilikanyagwa na fahali kidogo lakini ni mguu ule mbaya.

Mambo ya Mama yamenisumbua. Nilikwenda kwa Kabura kuomba ruhusa. Alisikiliza vizuri, akashika kifua, akasema huo ni utamaduni mzuri sana, na kwamba angependa siku moja kutengeneza filamu juu yake. Halafu akaninyima.

Kwa hiyo nimefanya nilichoweza. Katika bahasha hii utaona karatasi iliyokunjwa. Ndani kuna nywele zangu. Nimezikata mwenyewe kisogoni, chini ya kofia, pale ambapo kamera haifiki. Mpe baba mdogo azipitishe wembe mbele ya wazee, aseme huyu ndiye Lawrence, na Mama akubali kunyolewa. Nilifikiri sana juu ya jambo hili nikikamua.

Ngoja nikwambie upweke unavyotengenezwa huku, ucheke. Unajua shamba hili halina upweke wowote. Upande mmoja kuna jirani mwenye posho mill ya kusaga unga, inalia tangu asubuhi. Upande mwingine kuna kanisa lenye kwaya ya vijana. Wanafunzi wa Kesses wakija kununua maziwa hupita katikati. Sasa kila Kabura anapotaka kupiga picha, mtu anatumwa kumwomba mwenye mashine azime. Anazima. Wanawake waliokuja na mahindi wanakosa kazi, wanasogea kwenye ua kutazama. Kadiri familia inavyokuwa peke yake ndivyo watazamaji wanavyoongezeka. Juzi walileta viti.

Nyumba ya Mzee Kipyego ina vigae vyekundu, kwa hiyo haikufaa. Wamejenga nyingine ya mbao, mbele na vyumba viwili. Nyuma hakuna ukuta, kuna hema la mpishi na jenereta. Ukiwa mbele unaona familia ikila kwa huzuni, ukizunguka nyuma unakuta watu zaidi ya arobaini wakila kuku.

Mzee Kipyego mwenyewe alikuja kuona ng'ombe wake. Akasimamishwa kwenye lango na kijana mwenye redio ya mkononi, akaambiwa anaharibu upweke. Mzee akauliza, "Upweke wa nani?" Akaambiwa wa familia. Akasema familia ya hapa ni yeye. Aligeuza gari.

Yule anayecheza baba anaitwa Ephantus. Ni mtu mzuri lakini anaogopa ng'ombe wanaopumua. Katika filamu ni mkali, hataki mtu aingie wala atoke. Jana alikuwa akigombeza mke wake mezani, akanywa chai, na nusu ya ndevu zake ikabaki kwenye kikombe. Tulicheka hata mimi nikasahau kwamba ni bubu, wakarudia.

Wasalimie wote. Mpe Mama pole zangu.

Lawrence


Kimilili,
10 Agosti 2025

Kaka,

Sisi ni wazima, Mama anakusalimu. Mahindi yametoa ndevu, ambazo hapa kwetu mtu anaruhusiwa kukata.

Ulifikiri sana ukikamua, na ni heri ungemaliza kukamua ukaenda kulala. Kaka, ulituma nywele za mtu aliye hai ndani ya bahasha. Nilipofungua karatasi zikanimwagikia mapajani mbele ya wazee waliokuwa wameitwa. Baba mdogo aliruka kama amemwona nyoka. Hakuna aliyetaka kuzishika. Mzee mmoja akauliza ni nani anayekuchukia hivyo mpaka akukate nywele azisafirishe. Niliposema ni wewe mwenyewe wakaanza kukuombea. Mke wa Jackson hakupita uani siku nzima. Mwishowe Mama alizichukua mwenyewe, akazifunga kwa leso, na sasa ziko chini ya godoro lake. Amesema kichwa hakitumwi kwa lori.

Lakini anapenda barua zako. Namsomea mbele ya dirisha, maana mimi nimenyolewa na yeye hajanyolewa, kwa hiyo najisikia vibaya kuingia na kuketi. Haulizi habari za Ephantus wala za kuku. Anauliza habari za ile nyumba ya mbao. Je, kuna mtu analala humo? Jiko lake limewahi kuwashwa moto? Mtoto amewahi kuzaliwa humo, au mtu kufa? Nimemwambia nitakuuliza.

Na mimi nina swali langu. Ndevu za huyo Ephantus ni za kubandika. Za kwako kwa nini haziwezi kubandikwa?

Sylvia


Shamba la Mzee Kipyego,
24 Agosti 2025

Dada Sylvia,

Salamu nyingi. Mvua imenyesha huku mpaka magari ya filamu yamezama kwenye matope, tukayavuta kwa trekta. Samahani kwa mambo ya zile nywele. Sikujua zitamwagika.

Mwambie Mama hivi. Hakuna anayelala katika ile nyumba, Kabura na wenzake hulala hotelini mjini Eldoret. Moto haujawahi kuwashwa, moshi wa jikoni unatolewa na mashine inayonuka kama mafuta ya nywele. Hakuna aliyezaliwa. Kufa, binti wa familia anakufa mwishoni, lakini alikufa Jumatano na Alhamisi akarudi kufa vizuri zaidi. Sidhani hiyo inahesabiwa.

Kazi imeongezwa mpaka Oktoba. Hadithi inataka ukame na nyasi hapa ni kijani kama sare ya shule. Walijaribu kupaka rangi kipande kimoja, ng'ombe wakakila, maziwa yakamwagwa siku mbili. Sasa tunangoja jua.

Binti wa familia, yule anayekufa, jana aliniletea chai akaniita anko. Katika filamu hawaniiti kitu. Hunionyeshea kidole.

Wajukuu wasipande tangi.

Lawrence


Kimilili,
7 Septemba 2025

Kaka Lawrence,

Hukujibu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa nikitafuta ndevu. Umeandika juu ya nyasi, trekta na chai. Ndevu hazimo.

Nimekuwa nikikwambia Mama anakusalimu. Mama hajakusalimu tangu Julai. Anakula nusu ya anachopelekewa na kurudisha sahani ikiwa imefunikwa ili tusione. Wanawake wa kanisa wamepunguza kuja, kwa sababu kuongea na dirisha kunachosha. Jackson anapita mbele ya mlango akiinamisha kichwa kama mtu mwenye kesi. Amevunjika moyo, kaka. Wiki iliyopita aliniuliza kama anaweza kuvuna upande wake, na hajui upande wake ni upi. Mahindi yatakauka yakisimama huku nyote wawili mkiogopa mstari.

Mimi ni msichana, mipaka hainihusu. Ndiyo maana naweza kuuliza. Unaogopa wembe au unaogopa kusimama?

Sylvia


Shamba la Mzee Kipyego,
21 Septemba 2025

Dada,

Leo sina habari za ng'ombe.

Msichana wa vipodozi, anaitwa Mercy, aliniambia siku niliporudi kutoka mazishini kwamba ana wigi na ndevu za kunifaa. Aliona macho yangu akajua nimefiwa. Akasema hata Kabura asingegundua, mimi niko nyuma tu, nyuma ya ng'ombe. Nilimwambia hapana. Nikamwambia gundi hunitoa vipele. Sijawahi kupaka gundi maishani.

Umeuliza naogopa nini. Nikinyolewa natakiwa kusimama mbele ya wazee na kusema shamba linapita wapi. Jackson amelima huko miaka yote niliyokuwa hapa nikikamua ng'ombe wa mtu mwingine. Nikisema nusu ni yangu, nimemnyang'anya aliyemwuguza Baba. Nikisema yote ni yake, basi mimi si wa mahali popote, ni mfanyakazi tu wa Burnt Forest mpaka nife, na mtanizika wapi? Hapa nalipwa nisiseme. Huko nyote mnaningoja niseme.

Usimsomee Mama barua hii.

Lawrence


Shamba la Mzee Kipyego,
12 Oktoba 2025

Dada Sylvia,

Ulimsomea.

Na wewe ukabaki nyumbani ukikamua na kucheka, ukijua watakaokuja. Nakueleza vile ilivyokuwa huku kwa sababu Mama atakueleza vingine, na Jackson hataeleza kabisa.

Ilikuwa Jumanne. Jua lilikuwa limetoka, Kabura amefurahi, tulikuwa tunapiga picha kubwa. Familia imekaa mbele ya nyumba, hawajasemeshana siku nyingi, wanatazama barabara ambayo hakuna mtu hupita. Mimi nasimama nyuma na ng'ombe. Mashine ya posho imezimwa, wanawake wako kwenye ua, kimya. Kabura ananong'ona kwamba hapo ndipo moyo wa filamu ulipo. Ndipo kwenye barabara hiyo likaja lori la Wabuge, likipiga honi.

Vijana wa redio walilikimbilia wakipunga mikono. Wabuge alifikiri wanamwongoza pa kuegesha. Akaja mpaka kwenye maua ya bandia. Akashuka baba mdogo Nyongesa na beseni, akashuka Jackson ambaye hakunitazama, halafu wote wawili wakamshusha Mama. Dada, amekonda. Ungeniambia mapema.

Kabura alikwenda akamsalimu kwa heshima, akaanza kumweleza kuhusu kazi na ratiba. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akitazama nyumba.

"Hii ni nyumba ya nani?" akauliza.

"Si ya mtu, Mama. Ni ya filamu."

"Hakuna anayelala humo?"

"Hakuna."

"Moto?"

"Ni mashine tu, Mama."

"Basi sijaingia kwa mtu," akasema Mama. Akapita kati ya Ephantus na mke wake, akapanda ngazi, akaketi kwenye kiti cha baba wa familia. Baada ya miezi yote ile ya dirisha, akawa ameketi katika nyumba nyingine na hajavunja chochote. Baba mdogo alitingisha kichwa kwa kukubali. Nilielewa ni kwa nini aliuliza maswali yale.

Akaniita. Nilikwenda na fimbo yangu ya kuchunga. Kabura akasema, kwa upole, kwamba kuna mkataba juu ya nywele zangu. Mama akamtazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani.

"Binti, kichwa hicho nilikitoa mimi. Uliandikiana na nani?"

Kabura alirudi nyuma, akainua mkono, na nikaona taa nyekundu ya kamera ikiwaka.

Baba mdogo aliloweka wembe, akaanza. Nywele zilianguka mapajani mwangu na juu ya mbao. Alipomaliza ndevu uso wangu ulihisi baridi kama umevuliwa nguo. Mama akasema, "Simama."

Nikasimama. Jackson alikuwa amekaa kwenye ngazi, kofia mkononi, kichwa chake kimeota nywele fupi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi juu ya uzee wa Baba. Yote yalikimbia. Nikasema, "Jackson, ulipolima ni pako, mpaka kwenye mwarobaini. Upande wa kisima ni wangu, nitaulima mwenyewe. Nisipoulima miaka miwili, uchukue na hapo."

Jackson akasema, "Nilipita mwarobaini. Mistari mitatu."

"Vuna. Mwakani usipite."

Ni hayo tu, dada. Mambo yaliyonitoa usingizi tangu Mei yaliisha kabla maji ya beseni hayajapoa. Baba mdogo akamnyoa Mama, na alipokuwa akimpangusa, Kabura alikuja analia machozi. Akapiga magoti. Akasema hajawahi kuona kitu kama hicho, na je, Mama angekubali warudie kutoka pale aliposhuka kwenye lori, ila lori lisipige honi, na Lawrence asiseme kitu kwa sababu ni bubu?

Mama alipapasa kichwa changu, akapapasa chake. "Binti," akasema, "na nywele utatoa wapi?" Akacheka. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi. Wanawake wa kwenye ua wakacheka pia, na mke wa mwenye posho mill akamwita Mama kwa chai. Mama akauliza kama nyumba yao ni ile yenye moshi wa kweli. Akaambiwa ndiyo. Akaenda, akaingia kupitia mlangoni, akakaa humo mpaka jioni. Tuliwasikia wakiongea. Kabura alituma mtu kuwaomba wapunguze sauti.

Kaka yako,
Lawrence


Kimilili,
9 Novemba 2025

Kaka Lawrence,

Ndiyo, nilimsomea. Ukiniambia nisimsomee mtu, usiandike vizuri hivyo.

Hapa hatumpati Mama. Asubuhi yuko sokoni, mchana yuko kwa akina mama wa kanisa, jioni yuko jikoni kwa Jackson akimfundisha mke wake kupika mboga ambazo mke wake amepika miaka kumi. Mke wa Jackson ameniuliza kama kuna namna ya kumrudishia nywele. Mahindi yamevunwa. Jackson alihesabu ile mistari mitatu kwa sauti ili kila mtu asikie.

Kuna jambo moja tu. Mama amewaambia watu wote kwamba yuko kwenye filamu. Amewaeleza vile aliingia nyumba isiyo na mgongo akampokonya kiti mwanamume mkali. Katekista ameshaomba ukumbi wa shule na projekta. Chifu amesema atafungua kwa maombi. Uliza huyo Kabura ni lini.

Sylvia


Shamba la Mzee Kipyego,
7 Desemba 2025

Dada Sylvia,

Nywele zimeanza kurudi, zimekuja na mvi. Mguu umepona. Watu wa filamu waliondoka, nyumba ya mbao imebomolewa, tumezitumia mbao zake kurekebisha zizi la ndama. Mashine ya posho inalia mchana kutwa na nimeizoea tena.

Mwambieni katekista arudishe projekta.

Jumamosi Kabura alitualika hotelini mjini Eldoret kuiona kabla haijatoka. Walikuja wakubwa wa kaunti, watu wa magazeti, Mzee Kipyego kwenye suti, na mimi. Tulikaa pamoja mstari wa nyuma. Filamu ikaanza. Nikamngoja mchungaji bubu apite. Hakupita. Familia ilikula, iligombana, binti alikufa ile mara ya Alhamisi, na popote nilipokuwa nimesimama palikuwa na nyasi. Picha ya lori haikuwepo. Mama hakuwepo. Kiti kilikuwa na Ephantus.

Baadaye Kabura alinifuata akanishika mikono yote miwili. Akasema kwa sababu ya kunyolewa sikulingana tena na picha za kwanza, ikabidi wanitoe kote, kwa kompyuta. Na ile siku ya Mama? Akasema ndiyo picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga maishani, ameilia nyumbani kwake mara nyingi, lakini filamu ni ya upweke, na mle ndani kulikuwa na watu wengi mno. Nilimwambia ni kweli, walikuwa wengi.

Sikuona uchungu, dada. Nilitarajia kuuona nikautafuta. Mama atauona kidogo, mwache aendelee kusimulia. Anavyosimulia ni vizuri zaidi, hata mimi sikumbuki akimpokonya mtu kiti.

Lakini wacha nikumalizie ya ukumbini. Sasa filamu ina familia peke yake kabisa kwenye ranchi kubwa, na nyuma yao ng'ombe wa Mzee Kipyego, wanene, safi, viwele vimejaa. Kila asubuhi kuna maziwa mezani. Zizi halina samadi. Ua umerekebishwa. Watu mbele yetu walikuwa wakipangusa macho kwa huruma. Mzee Kipyego alisogea karibu na sikio langu.

"Lawrence," akasema, "hao ng'ombe nani anawakamua?"

Nikamwambia sijui, Mzee. Na kwa kuwa alikuwa amelianzisha mwenyewe, nikamwambia pia atafute mtu kabla ya mvua za Machi. Alikohoa, akauliza naenda wapi. Nikasema nina upande wa kisima.

Mwambie Jackson asiuguse. Nakuja na jembe langu.

Lawrence